Mwaka wa Kozi ya Chapchap

Nilikuwa nimeinama pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, nachagua dagaa, na mama muuzaji akawa ananitazama tu usoni, hataki hata kutaja bei. Mwishowe akaniuliza, "Weye si ule dada wa mazoezi? Wa hospitali, mwaka ule wa vita?" Nikamwambia ndiye mimi. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akanisogelea, akaniambia kwamba Wilondja amefariki huko Baraka, ng'ambo ya ziwa, ameugua muda mfupi tu, na kwamba wamemzika karibu na baba yake. Akanipa pole. Nikaipokea hiyo pole kana kwamba ni yangu, nikashukuru, nikalipa, nikaondoka na kuwaacha dagaa pale pale kwenye meza. Ilibidi yule mama anikimbilie na mfuko hadi kwenye gari. Wenzangu niliokuwa nao wakaniuliza kama nimefiwa na kaka, nikajibu kwamba hapana, ni mtu tu niliyemfahamu zamani, kisha nikafungua kioo cha gari ingawa kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi.

Kigoma nilikuwa nimekwenda kuzungumza na vijana. Siku hizi kuna mipango ya kuunganisha masomo: kijana anaanza na cheti cha tiba ya viungo, anakwenda moja kwa moja hadi shahada bila kurudi nyumbani kukaa na kuomba upya, miaka imebanwa, mafunzo ya darasani na ya wodini yanakwenda sambamba. Binti mmoja mwenye miwani alinyoosha mkono akauliza kama kweli mtu anaweza kujifunza mwili wa mwenzake kwa haraka hivyo. Nilimpa jibu la jukwaani, kuhusu bidii na nidhamu, wakapiga makofi. Jibu lenyewe ni mwaka mzima, nao haukai kwenye kipaza sauti. Tangu nirudi hapa Dodoma sijatulia. Naingia jikoni nasahau nilichofuata, natoka nje, narudi. Mwanangu ananiambia, "Mama, kaa basi, unanitia kizunguzungu." Hajui kwamba mama yake ni kiguu na njia toka zamani. Nimefanya kazi Mtwara, Singida, Bukoba na kwingineko, na kila nilipoanza kuwazoea majirani niliomba uhamisho. Watu walidhani natafuta cheo.

Mwaka ninaousema ni ule ambao Wakongo walivuka ziwa kwa wingi, wakati Warundi walikuwa wamekwisha kutujazia kambi. Mji ulikuwa haulali: magari ya mashirika, maturubai ya buluu, watu wanaulizana majina ya ndugu zao kwenye kila kona. Hospitalini kulikuwa na mivunjiko ya kila aina, miguu iliyofungwa hogo la plasta hadi kiunoni, mikono iliyokauka kwa kukaa muda mrefu bila kunyooshwa, na mtaalamu wa viungo alikuwa mmoja, Mwalimu Mshana, mama wa Kipare aliyehamishiwa kwetu na asiyekuwa na muda wa kuchoka. Shirika moja likakubaliana na chuo cha mbali kwamba ifanyike kozi ya mwaka mmoja pale pale wodini. Mwaka huo ungehesabiwa kuwa cheti, na papo hapo ungehesabiwa kuwa mwaka wa kwanza wa stashahada. Ukifaulu mtihani wa vitendo, unapanda treni unaingia mwaka wa pili. Ukishindwa, unabaki mhudumu wa wodi, unabeba mabeseni. Wala hakukuwa na cha kungoja mwaka unaofuata, maana mpango ulikuwa wa wakimbizi, na wakimbizi kila mtu alisema watarudi kwao kesho.

Manesi walituita watu wa chapchap. "Haya, chapchap wamefika, ficheni wagonjwa," walisema tukipita, nasi tukacheka nao. Darasa letu lilikuwa stoo ya mashuka nyuma ya wodi ya wanaume. Kulikuwa na mabenchi, ubao mdogo, na kiunzi cha mifupa ya plastiki ambacho hakikuwa na mkono wa kushoto, hivyo mpaka leo nikifikiria mifupa ya kiganja naiona ya kulia. Dirisha lilitazama mahali ambapo ndugu wa wagonjwa walikuwa wanapika. Mwalimu Mshana akisema kazi ya misuli ya mbele ya paja, huku nje mafuta ya mawese yanachemka, sombe, kisamvu cha Wakongo, inatwangwa, na wanawake wanasengenya kwa Kiha, Kirundi na Kiswahili cha ng'ambo, vyote kwenye sufuria moja. Nilijifunza paja nikiwa na njaa. Mwenzangu Idrisa, kijana wa Ujiji mwenye mdomo, alikuwa ananinong'oneza, "Skola, leo ni samaki, migebuka, nasikia harufu. Twende tukawasalimie." Mwalimu akasema bila kugeuka, "Idrisa, msuli huo unaanzia wapi?" Idrisa akajibu kwamba unaanzia jikoni, akatolewa nje, na alikotolewa ndiko walikokuwa wanapakua.

Mimi sikutolewa nje hata siku moja. Niliitaka hiyo nafasi ya chuo kwa namna iliyokuwa inaniogopesha. Nilikuwa nakaa Rusimbi kwa mama yangu mdogo, Mama Vere, na kila treni ilipopiga honi nikiwa nafua au nakoroga ugali, niliacha kazi nikaisikiliza mpaka ikaisha. Nilitaka kuondoka. Sikuwa na ugomvi na mtu, wala nyumba haikuwa mbaya. Nilitaka tu kuwa mtu ambaye treni imemchukua. Mama Vere alikuwa akiniona nimesimama na mwiko mkononi, naye ananiambia, "Wewe mtoto una mchwa miguuni. Koroga, unga unashika chini."

Kanuni ya mtihani ilikuwa moja. Kila mwanafunzi anapewa mgonjwa aliye kitandani, anakaa naye miezi, na siku ya mtihani anamtembeza mbele ya wasimamizi kutoka kitandani hadi barazani. Mgonjwa wangu alikuwa Mzee Lubunga, Mbembe kutoka upande wa Fizi, huko Kongo, aliyevunjika paja akishuka kwenye mtumbwi katika msongamano wa kuvuka. Mguu wake ulikaa muda mrefu umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga. Mfupa ukaunga, lakini goti likagoma na nyonga ikawa ngumu, na yeye mwenyewe akawa na hofu ya kukanyaga. Kwao alikuwa mzee wa ndoa, yule anayeketi katikati ya pande mbili mahari ikijadiliwa, anayesema neno la mwisho watu wakishindwana. Hata pale kitandani, na shuka la hospitali, alikaa hivyo. Alinisalimia kabla sijamwamkia, kisha akanipa nafasi ya kumwamkia vizuri. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mutoto wangu. Umekuja kunitesa?" "Nimekuja, Mzee." "Tesa basi, niende kwetu."

Kumfundisha mtu mzima kusimama ni kazi ya mikono. Mwalimu Mshana alitukaririsha mpaka tukaota: kitenge kimefungwa kiunoni mwa mgonjwa, mkono wako mmoja umeshika kitenge kwa nyuma, wa pili uko chini ya kiwiko chake, na bega lako liko tayari. Usimvute, na ukiona anayumba usifikiri, shika. "Mkichelewa kufikiri, mimi nitawasamehe," alisema. "Mkichelewa kushika, sitawasamehe." Akatufanyisha zoezi hilo sisi kwa sisi, mmoja anajiangusha bila kuonya, mwenzake anamdaka, mpaka ikafika mahali nilimdaka mama mmoja sokoni aliyekuwa ameinama tu kuokota nyanya, akanitukana.

Aliyekuwa akimwangalia Mzee Lubunga ni mwanawe wa pekee, Wilondja. Alikuwa na kibali cha kukaa mjini kwa ajili ya baba yake. Mchana alishuka Ujiji kutengeneza injini za mitumbwi ya wavuvi, jioni alirudi na harufu ya petroli, akamwogesha baba yake, akamlisha. Na hapo ndipo tulipoanzia kugombana. Nilimwambia asimlishe, ana mikono, ajilishe. Akaniuliza, "Dada, kwenu mutoto anaangalia baba yake anahangaika na kijiko, anacheka?" Nikamwambia kwetu mtoto anataka baba yake apone. Akakiweka kijiko mkononi mwa mzee, akakaa pembeni ameuma midomo kwa uchungu huku mchuzi unamwagika. Kesho yake alikuja kuniambia kwamba baba amekula mwenyewe nusu sahani, na alivyolisema hilo, jamani, nilisahau nilichokuwa nimekuja kukifanya wodini.

Sitazunguka. Nilimpenda. Nilimpenda jinsi alivyokuwa anasikiliza injini kwanza kabla ya kuigusa, na jinsi alivyoyabeba magongo ya baba yake kwa heshima. Wanawake wa jikoni waliliona kabla yangu. Nilikuwa stoo napanga mashuka siku moja nikawasikia dirishani. "Ule dada anamwinua muzee kama gunia." "Muache. Hujaona akija mwenye mafuta ya injini anavyomwinua taratibu?" Wakacheka, mmoja akapiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Nikabaki nimekumbatia mashuka, masikio yanawaka, nacheka peke yangu.

Sasa kisa cha kapu. Mzee alipopiga hatua zake za kwanza akiwa mikononi mwangu, Wilondja alikuja Rusimbi na kapu la migebuka wabichi, akampa Mama Vere, akasema baba yake anashukuru. Mama Vere akafurahi sana, akawakaanga, tukala na jirani. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, ni aibu. Kwa hiyo Mama Vere akajaza lile kapu unga wa muhogo, akaongeza chupa ya mawese, akafunika kwa kitambaa chake kizuri cha kudarizi, akanipa nimpelekee mzee hospitalini. Nikaenda nalo kichwani, nikalitua kando ya kitanda. Mzee Lubunga akafunua kitambaa, akautazama unga, akanitazama. Akaniuliza, "Nani amekutuma?" Nikasema mama mdogo. "Kwa roho safi?" Nikasema kwa roho safi kabisa. Akafunika, akafumba macho, nikadhani anaomba.

Kesho yake nilipofika na kitenge cha mazoezi akavuta shuka hadi kifuani. "Hapana kunishika," akasema. Nikadhani ana maumivu. Nikanyoosha mkono kwenye goti, akaurudisha mkono wangu kwa fimbo yake, polepole, bila hasira. "Mukwe haishikwe na mukwe. Miye nilituma samaki ya posa, kapu limerudi na unga. Wakubwa wako wamejibu. Toka leo weye ni muke wa mutoto wangu, na miye sina ruhusa hata ya kukupa mukono." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kupiga makofi. Mmoja aliyekuwa na hogo mikono yote miwili akawa anapiga kwa mguu kwenye chuma cha kitanda. Nami nimesimama na kitenge changu, sijui nicheke au nilie, maana nilikuwa nimeposwa na kukubali kuolewa, na kumpoteza mgonjwa wangu wa mtihani, kwa unga wa muhogo.

Nilikimbia kwa Wilondja. Akaapa kwamba yeye alidhani ni samaki wa shukrani. Halafu akatazama chini, akasema, "Lakini baba alisema nichague kapu jipya. Hapo nilishuku." "Ukanyamaza?" "Nikanyamaza." Nilitaka kumpiga. Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga pale pwani ya Ujiji kati ya nyavu zilizoanikwa, naye akakaa, na kwa mara ya kwanza tukaongea bila kuwa na baba yake katikati yetu.

Mwalimu Mshana hakucheka. "Mtihani umekaribia. Mgonjwa mwingine siwezi kukupa, hujamlea. Kanuni si yangu, ni ya chuo." Akakoroga chai yake. "Skola, hili ni jambo dogo. Nenda kamwambie mzee kwamba ilikuwa makosa, humtaki kijana wake. Atakupa mguu wake, utafaulu, utaondoka." Nikamuuliza, na je, kama namtaka? Akaacha kukoroga. Akaniangalia kama anayepima kiungo ni kigumu kiasi gani. "Basi utakuwa umechagua," akasema. "Mimi siwezi kukuchagulia. Lakini nitasikitika, na sitakuficha kwamba nitasikitika."

Nikajaribu njia ya kati. Nilisimama mbali kidogo na mzee, nikamwelekeza kwa maneno: kaza paja, nyoosha goti, sogea ukingoni. Alinitii kila neno. Aliegemea magongo, akasimama, na Wilondja ndiye aliyeshika kitenge. Alikuwa anapata nguvu, hilo nakiri. Lakini mtihani ulikuwa wa mikono yangu, si ya Wilondja. Nikamuuliza mzee, kwa adabu, nikiwa nimepiga goti, kama neno hilo haliwezi kusimamishwa kidogo, mpaka mtihani upite. Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Posa haisimamishwi. Inakubaliwa au inakataliwa. Anaweza kukataa mwanamke, au mkubwa wa upande wowote, mbele ya watu. Ikishakataliwa, imekufa, na pande hizo mbili haziposani tena, hata wajukuu. Aliwahi kuwatazama vijana wakilia mbele yake na akakataa kulirudisha neno, kwa sababu neno likirudishwa mara moja, hakuna ndoa itakayosimama. Hakuwa mkali. Alisema hivyo huku ananipa chungwa, akaliweka kitandani ili niliokote mwenyewe, vidole vyetu visigusane.

Nyumbani nilimlaumu Mama Vere na kitambaa chake. Tulikuwa tunakula ugali na dagaa. Akasema, "Mana we! Sasa ningerudisha kapu tupu, watu wa Rusimbi wangeniweka wapi?" Kisha akanisogezea upande wa dagaa wengi. "Unamtaka?" Nikasema ndiyo. "Na treni unaitaka?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akala tonge, akasema yeye angechagua treni, lakini yeye ni mjane, asisikilizwe. Siku zile nilikuwa siwezi kukaa mahali. Nilitembea kwa miguu kutoka Rusimbi hadi Ujiji na kurudi bila shughuli yoyote. Nilianza kufua nikaziacha nguo kwenye maji. Nilikuwa nawatazama watu bandarini na mizigo yao, wanaosubiri kuvuka na wanaosubiri kupokewa, na nikawaonea wivu kwa sababu wao walijua wanasubiri nini.

Wasimamizi walifika kwa treni, na kesho yake ndiyo mtihani. Mchana huo nilishuka Ujiji. Wilondja alikuwa ameifungua injini, vipande vyake amevipanga juu ya gunia. Nikamuuliza kama anaweza kunisubiri nikasome kwanza, nirudi. Akasema tatizo si kusubiri. Kama baba akipona watavuka, na ng'ambo hajui kuna nini, wala hajui kama atakuwa hai. "Lakini ukisema unabaki, Skola, nami nabaki. Baba atavuka na watu wetu. Miye nitakaa hapa na injini za hawa watu." Nilijua anachokisema ni kizito. Mtoto wa pekee kumwachia baba yake ziwa. Upepo ulikuwa unapeperusha gunia, akaweka mkono juu ya vipande vyake visipotee, na huo mkono ulinimaliza. "Nabaki," nikamwambia. "Kesho nitawaambia wasimamizi sina mgonjwa." Nilidhani moyo utaniuma kwa ajili ya chuo. Badala yake mchecheto wote ukaniisha. Nilikaa pale juani, nimetulia, miguu yangu haitaki kwenda popote. Sijawahi kutulia hivyo tena. Jioni Wilondja akaenda kumwambia baba yake kwamba hatavuka. Aliniambia baadaye kwamba mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, akanywa, akajilaza.

Asubuhi wodi ilikuwa imepigwa deki. Wasimamizi, baba mmoja wa makamo na mama aliyevaa kandambili za ndani kwa sababu viatu vilikuwa vimemvimbisha miguu njiani, walisimama na Mwalimu Mshana. Idrisa alitangulia, akamtembeza mgonjwa wake vizuri, akaongea mno, akapita. Wakaita jina langu. Wilondja alikuwa amesimama kwenye mlango wa barazani, amevaa shati safi. Nikaenda kando ya kitanda cha Mzee Lubunga. Nilikuwa nimekwisha kuiandaa sentensi yangu, ya heshima, fupi. Nikafungua mdomo.

Mzee akaniwahi. Alikuwa amekwisha kukaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, na kitenge amejifunga mwenyewe kiunoni. Akainua sauti, ile sauti ya kikao, wodi nzima ikamgeukia. "Sikieni wote. Miye Lubunga, baba ya Wilondja, nilituma samaki kwa watu ya huyu binti. Leo nimekataa. Huyu si mukwe wangu. Nimekataa miye, hakukataa yeye, hana aibu." Yule msimamizi wa kiume akamgeukia Mwalimu Mshana kuuliza kinachoendelea. Nikasema, "Mzee, hapana, subiri." Nilisema kwa nguvu, nadhani nilipiga kelele. Wilondja naye aliita, "Baba!" Neno lilikuwa limesemwa mbele ya watu, lakini bado nilikuwa na kitu kimoja. Kama nisingemgusa, nikasimama pale mbele yake na mikono nyuma, mwenendo wangu ungesema kwamba mimi bado ni mkwe, na labda wazee wenzake wangekaa, labda wangezungumza. Nikairudisha mikono nyuma. Nakumbuka nilivyoishikilia, kidole kwa kidole.

Akanitazama. Akajisukuma kwa viganja, akasimama, bila magongo, bila mtu. Alisimama kwa mguu mzima kwanza, kisha akauweka ule mbovu, akauelemea. Akayumba.

Sikufikiri. Nilikwisha kufundishwa nisifikiri. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kitenge nyuma yake, wa pili chini ya kiwiko, bega langu kwenye ubavu wake, uzito wake wote uko juu yangu, na nilijua nilichokifanya wakati tayari nimekifanya. Nilimshika baba mkwe mbele ya watu wote wa wodi, na kwa hiyo hakuwa baba mkwe. Nikatazama mlangoni. Wilondja alikuwa amejifunika uso kwa mkono. "Tembea, mutoto wangu," mzee akaniambia sikioni, kwa sauti ndogo. "Wanaangalia."

Mpaka leo sijui kama aliyumba au alijiyumbisha. Nimewashika maelfu ya watu tangu wakati ule, na najua mwili unaoanguka unavyokuwa mkononi, na kila nikimrudia yeye sipati jibu. Kuna miaka nimeamini kwamba alinihurumia, kwamba aliona binti anaitupa treni yake akaamua kunirudishia, na aibu akaichukua yeye. Na kuna miaka nimeamini kwamba alimtaka mwanawe avuke naye, basi, akaitumia mikono yangu mimi mwenyewe kumpata. Nimemshukuru na nimemlaani, wakati mwingine kwa siku hiyo hiyo. Sikumuuliza. Walivuka kabla treni yangu haijaondoka.

Lakini nilimtembeza. Nilimwambia kaza paja, akakaza. Nikamwambia nyoosha goti, akanyoosha. Wasimamizi walitufuata nyuma, mama yule wa kandambili akasema taratibu, "Vizuri, mikono mizuri." Tukapita vitanda, mgonjwa wa hogo hakupiga kwa mguu safari hii. Wilondja alituachia njia mlangoni. Tukatoka barazani, kwenye jua, nikamkalisha baba yake kwenye kiti, nikalegeza kitenge, na wasimamizi wakaniambia nimefaulu.